Kutembea Nuruni: Walokole wa Kwanza na Moto wa Gahini

Mwaka 1928 mvua zilikatika mashariki mwa Rwanda, na njaa ambayo wenyeji waliiita Rwakayihura ikaingia. Makumi ya maelfu walikufa. Wenye nguvu ya kutembea walivuka mpaka kwenda Uganda na Tanganyika, na wengine wakaishia njiani. Gahini, kilima kinachotazama ziwa Muhazi, palikuwa na hospitali changa ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake alikuwa kijana wa Kiingereza aliyefika mwaka huohuo, Joe Church. Alitibu, akagawa chakula, akazika. Septemba 1929 alifunga safari kwenda Kampala kupumzika. Alikuwa amekuja Afrika kuwahubiria wengine uzima, na sasa yeye mwenyewe alijiona mkavu.

Jumapili moja, kwenye kilima cha Namirembe lilipo kanisa kuu la Waanglikana, alimkuta Mganda amesimama kando ya pikipiki yake. Walikuwa wameonana mara moja tu miezi michache kabla. Jina lake Simeoni Nsibambi. Alizaliwa mwaka 1897, mtoto wa chifu. Alisoma Budo, shule ya wakubwa wa Buganda, akatumikia kikosi cha tiba katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kisha akapata cheo katika idara ya afya. Kwa mizani ya wakati ule alikuwa mtu aliyefika. Bado lilikuwepo donda: alitarajia kupelekwa ng'ambo kusoma na hakupelekwa. Katika uchungu ule, mwaka 1922, aliongoka, akaona kwamba uzima wa milele ulizidi kila alichokikosa. Lakini miaka saba ilikuwa imepita, na siku ile Namirembe alimwambia daktari kwamba kuna kitu kimepungua, katika Kanisa la Uganda na ndani yake yeye mwenyewe.

Church angeweza kujibu kama mmisionari. Alizoea kuulizwa na kujibu. Badala yake alikiri kwamba na yeye amepungukiwa vilevile. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakifuatilia mstari kwa mstari kila palipotajwa Roho Mtakatifu, wakisali pamoja. Hawakugundua fundisho jipya. Yote waliyosoma yalikuwa tayari katika Kitabu cha Sala na katika mahubiri ya kila Jumapili. Jipya lilikuwa kwamba mzungu na Mwafrika, katika koloni la mwaka 1929, waliketi wakaambiana kwamba wote wawili ni wahitaji, na hakuna aliyejifanya mwalimu wa mwenzake.

Church alirudi Gahini. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akaacha na viatu, akaanza kuzunguka Kampala kwa miguu akimuuliza kila aliyekutana naye kama ameokoka. Baadaye mmisionari mmoja alimuuliza Church amemfanya nini yule bwana, maana amerukwa na akili.

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lilichoma, tukumbuke lilikuwa likiulizwa wapi. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Miaka michache baadaye vijana wa ikulu walichomwa moto kwa ajili ya imani hiyo, Waanglikana na Wakatoliki. Lakini wajukuu wa kizazi kile walikuta dini ikiwa na mashamba, shule na vyeo. Chifu alibatizwa kwa kuwa chifu mwenzake amebatizwa. Mtu aliitwa Yohana au Maria, akashiriki meza ya Bwana, huku nyumbani mambo yakiendelea kama zamani na kila mtu akijua. Kumuuliza Mkristo wa namna hiyo, tena shemasi au mtoto wa chifu, kama ameokoka, ilikuwa sawa na kumwambia mbele za watu kwamba nguo aliyovaa si yake.

Gahini, wakati huo, palikuwa na ugomvi wa kawaida wa mahali pa kazi. Mkuu wa watumishi wa hospitali, Yosiya Kinuka, alikuwa mtu hodari na mwenye kinyongo. Aliwaona wazungu wanajitenga, wanatoa amri, wanashuku. Sioni sababu ya kudhani alikosea, kwa kuwa misheni nyingi za siku zile ziliendeshwa hivyo hasa. Mwaka 1931 alikwenda Kampala akamweleza Nsibambi hali mbaya ya hospitali. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba hospitali iko vile kwa sababu ya dhambi iliyomo moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Leo jibu hilo linaweza kuudhi. Mtu analeta malalamiko ya haki, anarudishiwa hukumu. Lakini Kinuka, katika safari ndefu ya kurudi Rwanda, alilitafuna, na alipofika Gahini alikuwa mtu mwingine. Aliungama wizi wake, akaomba msamaha kwa aliowachukia. Wenzake walishangaa, kisha wakakasirika, kwa kuwa mwizi akitubu hadharani, wezi wenzake hupungukiwa na kivuli cha kujifichia.

Pamoja naye alikuwapo Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu aliyekuwa amekuja Gahini kufundisha. Hao wawili ndio waliouwasha moto. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa masimulizi mengi ya Ulaya humweka daktari katikati na Waafrika pembeni. Church mwenyewe hakupenda kusimuliwa hivyo.

Mwishoni mwa Desemba 1933 palifanyika mkutano wa siku kadhaa hapo Gahini, wa mafundisho ya Biblia na maombi. Siku zikapita kwa utulivu, bila tukio. Siku ya mwisho, wakati wa maombi, mtu mmoja alisimama akaanza kutaja dhambi zake kwa majina yake. Hakusema kwa ujumla kwamba sisi sote ni wakosefu, kama kanisa lilivyozoea. Alitaja alichofanya na aliyemkosea. Akafuata mwingine, na mwingine, wengine wakisimama pamoja kabla aliyetangulia hajamaliza, na jambo hilo likaendelea kwa zaidi ya saa mbili. Wazungu waliokuwapo hawakujua wafanye nini.

Kutoka hapo vikundi vidogo vilivyoitwa timu vilianza kutoka: dresa wa hospitali, mwalimu, mkulima, mara nyingine mmisionari mmoja, wote wakizungumza kwa zamu. Kigozi alijifungia wiki nzima kufunga na kusali, akatoka na wito wa kuliamsha kanisa lililolala. Alikuwa amealikwa kusema mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda, na hoja zake alikwisha kuziandika: ubaridi wa kanisa, Wakristo wanaoshiriki meza ya Bwana huku wakiishi dhambini, na namna ya kuamka. Hakuzisema. Homa ya papasi ilimuua Januari 1936, na zikasomwa na wengine. Pengine zilisikika zaidi kwa kuwa mwenyewe alikuwa kaburini.

Mwaka huohuo moto ulishika kila upande, Rwanda, Burundi, na huko Uganda, Kigezi na Ankole. Watu walilia, walitetemeka, waliimba usiku kucha hadi maofisa wa serikali wakaandika ripoti. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka, na kwa Kiswahili wakawa walokole, jina ambalo kwanza lilikuwa la dhihaka. Wimbo wao, Tukutendereza, ulivuka mipaka haraka kuliko wao wenyewe. Mpaka leo bibi wa Bukoba na bibi wa Murang'a wasioelewana lugha wanaweza kuukamilisha pamoja kwa Kiluganda, lugha isiyo ya yeyote kati yao.

Machozi si ushahidi wa imani, na walokole wenyewe waliokomaa walilijua hilo. Ndiyo maana walipoulizana habari za mtu, hawakuuliza alilia kiasi gani. Waliuliza amerudisha nini. Watu walibeba mablanketi ya hospitali wakayarudisha hospitalini. Wengine walikwenda kwa karani wa serikali na kodi ya miaka ambayo hakuna aliyewadai. Karani hakuwa na safu ya kuandika fedha kama hizo kwenye daftari lake. Ng'ombe waliochukuliwa kwa hila walionekana wakirudi njia waliyojia. Mwanahistoria hawezi kupima moyo, lakini blanketi lililorudi anaweza kuliandika.

Utaratibu wa ushirika wao ulikuwa mwepesi. Jioni watu wanakusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wanaketi popote penye nafasi. Mmoja anasimama, anamsifu Bwana, wenzake wanaitikia. Anasema wiki yake ilikwendaje: alimkaripia mkewe kwa kiburi, alimdanganya mnunuzi wa kahawa, alimwonea wivu ndugu aliyeketi pale mlangoni. Hamalizi kwa kueleza sababu. Anasema damu ya Yesu imemsafisha, wanaimba, anayefuata anasimama. Huko ndiko kutembea nuruni. Kumwambia ndugu ukweli juu yake mwenyewe, kwa upendo lakini bila kupaka mafuta, nako kulikuwa kutembea nuruni, na huo ulikuwa mzigo mzito zaidi.

Katika mikutano hiyo mwanamke alisema na wanaume wakakaa kimya. Mtutsi aliungama mbele ya Mhutu. Wamisionari waliungama dharau zao kwa watu weusi, kwa sauti, mbele ya watu hao, jambo ambalo si rahisi kulipata kwingine katika Afrika ya kikoloni. Huko Buganda, ambako kuku na mayai yalikuwa mwiko kwa wanawake, wanawake walokole walikula, tena meza moja na waume zao. Wazee waliona nyumba zinabomolewa. Kuku yule aliwaudhi kuliko mahubiri.

Na hawakuudhika bure. Anayeungama uzinzi hakuzini peke yake. Aliposimama sokoni akataja mahali na wakati, jina la mwenzake lilijulikana hata asipolitaja, na mwenzake hakuwa ameomba kuokoka. Ndoa za watu wengine zilitikiswa na toba ya jirani. Machifu walilalamika kwamba siri za ukoo zinaanikwa barabarani. Walokole walikataa pombe, walikataa matambiko ya msiba, na baadhi yao waliwatazama wazazi wao kama wapagani, hata wazazi waliokuwa na miaka 40 ya ubatizo. Kweli waliyokuwa nayo ilikuwa kali, na si wote walioishika kwa mkono mpole.

Mgongano ulioandikwa zaidi ulitokea Mukono, katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, mwaka 1941. Baadhi ya wanafunzi waliokuwa walokole waliamka saa kumi alfajiri kusali, kisha wakawahubiria wenzao. Walisema kuna wizi na uzinzi chuoni, na kwamba walimu wanafundisha Biblia kama watu wasioiamini. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, alikuwa mtu wa nidhamu na elimu. Aliona kundi linalojifanya hakimu wa kila mtu, akapiga marufuku mikutano ile. Hawakuacha. Oktoba mwaka huo wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwamo William Nagenda, kijana wa ukoo mashuhuri, msemaji hodari.

Ningekuwa mkuu wa chuo, sijui ningefanya tofauti gani. Chuo hakiendeshwi na wanafunzi 26 walioamka kabla ya jogoo. Lakini wale 26 nao walikuwa wanajua kitu: wizi ulikuwapo, na kanisa lilikuwa likijiandaa kuwabariki wezi wawe mapadri. Wakati ule walikuwa na watu na nyimbo za kutosha kuanzisha kanisa lao wenyewe. Wakakataa. Waliendelea kuketi viti vya nyuma vya kanisa lilelile, wakipokea sakramenti kutoka kwa mikono ya waliowafukuza. Askofu Cyril Stuart alihangaika nao kwa miaka, mara akiwakemea, mara akiwatetea, mpaka amani ya kiasi ikapatikana. Nagenda hakupewa daraja maisha yake yote. Alihubiri Ulaya na kwingineko akiwa mlei.

Tanganyika moto uliingia mwaka 1939 kupitia chuo cha ualimu cha Katoke, magharibi mwa ziwa Viktoria, ukawafikia Walutheri wa Buhaya. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza, wamisionari wao Wajerumani waliwekwa kizuizini na Waingereza, na kanisa likabaki mikononi mwa Wahaya wenyewe katika wakati wa msukosuko. Humo ndimo alimotoka Josiah Kibira, aliyeokoka mwaka 1947. Baadaye akawa askofu, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Dodoma nako alikuwapo mwalimu kutoka Kigezi, Festo Kivengere, aliyefundisha shule ya Alliance tangu 1946 na kuhubiri kwa Kiswahili kila alikoitwa. Tutarudi kwake.

Kenya ndiko walikolipa bei kubwa. Timu kutoka Rwanda na Uganda ilifika Kabete mwaka 1937, na ndani ya miaka kumi mikutano ya Ukikuyuni ilikuwa ikijaza viwanja. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wandugu, kama walivyojiita, walijikuta katikati ya moto wa pande mbili. Mau Mau iliwataka wale kiapo. Wakajibu kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa ya mbuzi. Serikali nayo iliwataka wachukue bunduki wawe askari wa ulinzi wa vijiji, na wengi wakakataa hilo pia, wakisema hawawezi kumuua mtu ambaye wametumwa kumhubiria. Waliuawa majumbani mwao, wake kwa waume, wengine baada ya kupewa nafasi ya pili na ya tatu ya kula kiapo.

Sasa, ardhi iliyokuwa inapiganiwa ilikuwa imeibwa kweli, na wandugu walijua hilo kama kila Mkikuyu. Mwenzao Obadiah Kariuki na Jomo Kenyatta walikuwa wanyumba, kwa kuwa wote wawili walioa binti za Chifu Koinange, kwa hiyo hoja za wapigania uhuru hazikuwa ngeni mezani. Waliohukumiwa na wapiganaji kuwa vibaraka wengi wao hawakupata chochote kutoka kwa mzungu. Mei 1955, vita vikiwa havijaisha, Kariuki aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Namirembe, siku moja na Festo Olang' wa Kenya, Yohana Omari wa Tanganyika na Daniel Deng Atong wa Sudani. Kilima kilekile cha pikipiki ya Nsibambi sasa kilikuwa kinatoa maaskofu Waafrika.

Kufanikiwa kulileta tatizo ambalo mateso hayakulileta. Huko Uganda mlokole Erica Sabiti akawa askofu mkuu mwaka 1966, na ushuhuda ukawa njia ya kupanda. Vijana waliozaliwa na walokole walijifunza maneno ya toba kabla hawajapata dhambi za maana za kutubia. Kila mtu aliungama hasira na uvivu wa kusali kwa mpangilio uleule, na msikilizaji mzoefu angeweza kumalizia sentensi. Baadhi ya wazee waliona moto umepoa. Wakiongozwa na Yona Mondo, walidai kuamka upya, na kipimo chao kikawa mambo ya nje: mavazi, anasa, na zaidi ya yote kuchukua mkopo, ambako walikuhesabu kuwa dhambi. Kufikia 1971 walokole wa Uganda walikuwa makundi mawili yasiyoshirikiana, watu waliokwisha kufukuzwa pamoja na kupigwa mawe pamoja.

Kulikuwa na upungufu mwingine, mkubwa zaidi. Lugha ya toba ilikuwa na jina kwa kila kosa la mtu mmoja, lakini ilikuwa na machache ya kusema juu ya nani anatawala na nani anadharauliwa. Rwanda, damu ilipoanza kumwagika mwaka 1959, kulikuwa na walokole waliowaficha majirani wa kabila jingine kwa kuhatarisha roho zao. Lakini mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa, na viongozi wa juu wa Kanisa la Anglikana walilaumiwa kwa kuitetea serikali iliyokuwa ikiua. Nchi ambayo watu wake walifundishana kutaja dhambi kwa jina haikuwa imefundishwa kuitaja ile. Sitaki kuliweka jambo hilo mabegani mwa Kinuka na Kigozi. Sitaki pia kuisimulia Gahini kana kwamba halikutokea.

Mlokole mmoja angalau aliubeba utaratibu wa nuruni hadi mbele ya ikulu. Februari 1977 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu aliyeokoka katika uamsho mwaka 1948. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Festo Kivengere, sasa askofu wa Kigezi, alitorokea Rwanda usiku na mkewe Mera wakipanda milima kwa miguu. Wiki kadhaa baadaye, Ijumaa Kuu, alikuwa ameketi kanisani London, salama, akiwa na chuki iliyokuwa inamla. Yakasomwa maneno ya Yesu msalabani ya kuwasamehe waliomsulubisha. Akajiuliza kama Yesu angemnyima Amin msamaha huo endapo Amin angekuwa miongoni mwa askari wale. Akaungama chuki yake kama walivyoungama watu wa Gahini wizi wa mablanketi. Kitabu alichokitoa mwaka huohuo kilitaja makosa ya Amin bila kupunguza, na jina lake lilisema kwamba mwandishi anampenda Idi Amin.

Nsibambi, ambaye maradhi yalimzuia nyumbani kwake kwa miaka mingi akipokea wageni waliokuja kuombewa, alifariki mwaka 1978. Mwaka uliofuata majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yalimwondoa Amin, na Kivengere akarudi Kigezi. Nchi ilikuwa magofu, kanisa lilikuwa na mazishi kila wiki, na walokole walikuwa bado wanagombana juu ya mikopo.